Mshale Ulipolala

Mshale wa geji ya oili ulilala saa tatu na nusu za asubuhi, Kabingo ikiwa imeshaachwa nyuma na Masha, kituo kinachofuata, haijaonekana bado. Haukutetemeka wala haukushuka kidogo kidogo ili mtu apate kujiandaa. Ulianguka kwenye sifuri mara moja, ukalala. Buruhan aliondoa mguu kwenye mafuta kabla hajafikiri lolote. Lori likapunguza mwendo, likasogea ukingoni mwa barabara, likasimama na mzigo wake: magunia kumi na manne ya maharage aliyokuwa ameyapakia tangu jana, juu ya magunia godoro, na juu ya godoro binti yake Rehemah, aliyejifungua alfajiri na ambaye damu yake ilikuwa imekataa kukoma.

Huko Kashojwa walikotoka, muuguzi Topista hakuwa amemung'unya maneno. "Mzee, hapa mimi nimeshindwa. Hii kazi ni ya hospitali kubwa. Peleka yeye Mbarara sasa sasa, usingoje hata chai."

Buruhan hakungoja chai. Alikuwa ameliendesha lori kama kijana, mashimo na yote. Nyuma kwenye bodi alikaa mkewe Jaliah, kichwa cha Rehemah mapajani, kichanga kimefungwa kitenge kifuani. Kila mtu aliyewahi kupanda lori anaijua lugha ya bodi: ukigonga mara moja, dereva asimame, ukigonga mara mbili, twende. Lori lilikuwa halijamaliza hata kutulia pale ukingoni Jaliah alipoanza kugonga.

Pa, pa.

Buruhan aliteremka, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwepo, imejaa mpaka kwenye alama. Hilo lilimtisha zaidi. Oili ikipungua, mtu huongeza; lakini oili ikiwepo na presha haipo, maana yake pampu imekufa, au beringi zimekwisha. Na lori lenyewe halikuwa la jana. Namba za kilomita zilikuwa zimezunguka mpaka mwisho na kuanza upya sifuri mara mbili, na sasa zilikuwa njiani kuelekea mara ya tatu.

Pa, pa. Pa, pa.

"Baba Rehemah!" Jaliah alichungulia juu ya bodi, jasho linamtiririka. "Unaangalia nini? Ende!"

"Presha ya oili imeanguka."

"Hata ianguke! Damu inatoka mingi. Godoro imelowa mpaka chini."

"Nikiiwasha hivi itashika, pistoni zigande, Jaliah. Haifiki hata Masha. Tungoje ipoe. Oili ikipoa inakuwa nzito, mshale unapanda."

"Na mutoto wangu akipoa je?"

Ndipo Buruhan aliposema neno ambalo, kama Mungu angempa nafasi moja tu ya kumeza kauli, angelimeza hilo. Alisema: "Injini ikifa, sisi wote tutakula nini?"

Msimwone katili. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lori lake la kwanza lilimfia mikononi hivyo hivyo, miaka mingi nyuma, kwa sababu aliuona mshale umelala akajitia hamnazo, akasema nitaangalia nikifika. Hakufika. Miaka mitano mizima alibeba magunia ya watu sokoni kwa mgongo, na Rehemah mdogo akaacha shule. Siku aliyopata lori hili la pili aliapa mbele ya mkewe kwamba mshale ukilala, naye analala. Jaliah mwenyewe alikuwa amesema amina.

Kila baada ya muda alipanda, akawasha, akautazama mshale. Umelala. Akazima upesi upesi. Baiskeli mbili zilipita. Mchunga ng'ombe mmoja akasimama, akatazama, akawapa maziwa kwenye kibuyu ambayo Rehemah hakuweza kuyameza. Gari halikupita hata moja. Jaliah aligonga bodi mara mbili, tena mara mbili, tena mara mbili, mpaka kiganja kikavimba, kisha akahamia mkono mwingine. Buruhan alikuwa ameweka mawe nyuma ya matairi, ameketi juu ya jiwe la tatu, mikono masikioni.

Saa sita ikapita pikapu ya askari waliokuwa wakirudi kambini kwao Mbarara. Hawakuuliza maswali. Walimshusha Rehemah na godoro lake, wakamlaza nyuma, wakaondoka kwa kasi. Mabati ya kwanza ya mji yalipoanza kumetameta, Rehemah aliuliza kama mtoto amenyonya. Mama yake akamwambia amenyonya. Haikuwa kweli, lakini ndiyo sauti ya mwisho aliyoisikia. Daktari alimshika Rehemah mkono, akautazama uso wake, akamwambia Jaliah kwa upole, "Mngekuwa hapa saa moja tu mapema, mama."

Kutoka pale lori liliposimama mpaka Mbarara mwendo hautimii saa moja.

*

Walimzika siku hiyo hiyo. Kitanga cha msiba kikakunjwa, majirani wakarudi mashambani mwao, na nyumba ya Kashojwa ikabaki na watu wawili wazima na mmoja mdogo, ambaye siku ya saba alipewa jina la Swabulah na akaendelea kulia kana kwamba halikumpendeza. Alinyweshwa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji. Baba yake, Nasuru, alikuwa askari aliyepelekwa kaskazini. Barua ya kumwita ilishaandikwa, na hakuna aliyejua ingemfikia lini.

Jaliah hakumnunia mumewe kwa kelele. Laiti angepiga kelele! Alimpikia, akamwandalia, akaweka sahani juu ya kigoda mbele yake na kusema kila siku maneno yale yale, kwa Kiswahili cha kwao na kwa sauti ya chini kabisa:

"Kula. Injini haiyakufa."

Buruhan alikula. Usipokula chakula cha mwanamke aliyefiwa, unamwongezea. Kila tonge lilishuka kooni kama limefungwa uzi.

Jina la Baba Rehemah lilikwisha siku ile. Jaliah hakumwita hivyo tena, wala hakumwita jina jingine. Alikuwa akija na kusimama mbele yake mpaka ainue macho.

Siku ya nane alisimama tena mbele yake.

"Nasuru akirudi, ataniuliza," alisema. "Mimi njo nilikuwa naye. Nitamwambia nini? Ile gari ilikuwa imekufa kweli, ao haikukufa?"

"Mshale ulilala, Jaliah. Uliniona."

"Mimi sijue mshale. Nauliza gari." Alimhamisha mtoto kutoka bega hili kwenda lile. "Kama ilikuwa imekufa, basi ni Mungu, na mimi nitanyamaza. Kesho uipeleke kwa fundi. Na mimi nitaenda. Nataka nisikie na masikio yangu."

Buruhan aliitikia. Na usiku kucha aliomba dua ambayo hajapata kuiomba dereva yeyote duniani. Alimwomba Mungu injini yake iwe imekufa.

*

Lori lilivutwa kwa kamba kutoka lilipolala mpaka Mbarara, nyuma ya lori la mchuuzi wa matoke. Buruhan alikataa katakata kuliwasha. Mjini watu waliokaa barazani waliwaangalia wakipita, mmoja akaita, "Mzee, unavutwa kama beberu wa sadaka!" wenzake wakacheka. Hawakujua. Jaliah, aliyekaa kando ya mumewe kwa kuwa bodi, ingawa magunia yalishashushwa, ilikuwa bado haijasuguliwa damu, alitazama mbele tu.

Fundi Naboth alikuwa mtu mfupi wa Kinyankore, mwenye kofia iliyokuwa nyeupe zamani na tabia ya kuimba nyimbo za kanisani huku akifungua boliti. Alikuwa amelitengeneza lori hilo tangu Buruhan alinunue, na alilipenda kama mtu anavyompenda ng'ombe wa jirani: bila gharama.

"Ssebo, bwana wangu, nani alikufunga kamba?" alisema akicheka. Kisha akamwona Jaliah na mtoto, akaacha kucheka. "Nyabo, mama, kaa hapo kwa kivuli. Hii kazi itakula muda."

Jaliah akakaa juu ya tairi kuukuu chini ya banda, mbali kidogo, kichanga mgongoni.

"Presha ya oili," alisema Buruhan. "Ilianguka mpaka sifuri. Nadhani beringi. Au pampu. Nadhani vyote viwili."

"Wewe usidhani, mimi nitaangalia." Naboth alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Imejaa. Aliisugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada, akaipeleka puani. "Dizeli haikuingia. Ingeingia, ingekuwa nyepesi, inanuka. Maji pia hakuna, haina rangi ya chai ya maziwa." Akavigeuza vidole juani. "Na haina unga wa chuma. Beringi zikiisha, oili inametameta kama samaki. Hii haimetameti."

"Labda unga umezama chini."

"Tutateremsha chini."

Akaingia uvunguni, akalegeza boliti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akaikinga oili kwa beseni lililotandikwa kitambaa cheupe. Oili ikapita nyeusi, nzito, bila haraka. Alipolitoa beseni juani, kitambaa kilikuwa na uchafu wa kawaida wa injini nzee. Alipitisha sumaku juu yake mara tatu. Sumaku ikatoka tupu.

Buruhan aliichukua sumaku kutoka mkononi mwake, akaipitisha mwenyewe. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kitambaa. Tupu.

Oili ikarudishwa. Naboth akaenda ndani, akaja na geji yake mwenyewe, ya mshale mkubwa, yenye mrija wa shaba. "Mimi geji ya gari siamini," alisema. "Geji moja ni kama shahidi mmoja kwa kesi ya shamba. Lazima umtafute wa pili." Ubavuni mwa injini alifungua kile kichwa kidogo cha shaba kinachopeleka habari za oili kwenye geji ya dereva, na mahali pake akafunga mrija wake. "Panda, washa."

"Itashika, Naboth."

"Ikishika, mimi nitalipa. Washa."

Injini iliguruma mara ya pili ya kuwashwa. Ilikuwa haijaunguruma hivyo kwa siku tisa. Kule chini ya banda Jaliah alinyanyua kichwa.

Mshale wa Naboth ulipanda bila kusita mpaka sitini.

"Ni kwa kuwa imepoa," alisema Buruhan kutoka dirishani. "Ngoja ipate moto."

Wakangoja. Nusu saa nzima injini ilikwenda, boneti ikawa haishikiki, na mshale ukateremka taratibu hadi ishirini na tano ukatulia hapo. Naboth akavuta waya wa mafuta, injini ikapaza sauti, mshale ukapanda arubaini na tano. Akaachia, ukarudi ishirini na tano. Akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye tumbo la injini na mpini sikioni, akasikiliza silinda moja baada ya nyingine, macho amefumba.

"Hii injini imezeeka kuliko mke wangu," alisema, "lakini hakuna kitu inagonga ndani. Presha iko. Mzee, Mungu anakupenda!"

"Angalia tena."

"Nimeangalia."

"Fungua sampu yote. Toa beringi. Pima."

"Nifungue kwa nini? Watu wanakuja hapa wananiomba niseme gari yao ni nzima. Wewe peke yako unataka nikuulie gari." Naboth alifuta mikono, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Alimwona mtu mwenye ndevu zisizonyolewa. Akateremsha sauti. "Buruhan. Ilikuwa nini?"

Buruhan akamwambia. Alimwambia kwa kifupi, amelipa banda mgongo ili Jaliah asione uso wake. Godoro. Masha. Saa sita. Na akamwambia lile neno alilolisema juu ya kula.

Naboth alirudi kwenye injini, akaushika waya ule mwembamba unaotoka kwenye kichwa cha shaba kwenda kwenye geji ya dereva, akaufuata kwa vidole polepole, kama anayefuata mshipa. Katikati, pale waya ulipopita juu ya bomba la moshi, ulikuwa umefungwa kwa ukanda wa raba ya tyubu ya baiskeli. Raba ilikuwa imekaza vizuri, safi, na kwa juu usingeona kasoro. Naboth aliikata kwa wembe. Upande wa chini, joto la bomba lilikuwa limeiunguza raba pamoja na waya, mpaka waya ukakatika vipande viwili.

"Nani alifunga hapa?"

"Mimi," alisema Buruhan. "Panya aliuguguna. Niliufunga wiki moja kabla. Nilitaka mshale usije ukanidanganya."

Wanaume wawili walisimama wakitazama vipande viwili vya waya. Kisha Buruhan akakaa chini kwenye udongo wenye oili.

"Sikiliza," Naboth alisema, amechuchumaa karibu naye. "Yule mama asijue. Nitamwambia injini ilikufa. Hata padre wangu hatanilaumu. Wewe nyamaza tu."

*

Kwenye kopo la vyuma chakavu Naboth alichagua beringi moja ya gari jingine, iliyolika mpaka shaba yake nyekundu ikatokeza, imepasuka pembeni. Akaisugua kwenye oili, akaenda nayo mpaka kwenye banda. Buruhan akafuata nyuma kwa sababu hakujua pa kubaki.

"Nyabo, pole sana," alisema Naboth, kofia mkononi. "Nimefungua. Hii ndiyo ilikuwa ndani. Angalia, imekwisha. Mzee alifanya vizuri kusimama. Angeendelea, injini ingeshika hapo hapo, hamngefika hata Masha. Nimeweka mpya."

Jaliah aliipokea beringi kwa mikono miwili. Aliigeuza. Alipitisha kidole kwenye ufa wake. Mtu angedhani ameletewa kipande cha mwili wa mwanawe, kwa namna alivyokitazama kile chuma. Machozi yaliyokuwa hayajatoka mbele ya mumewe tangu siku ya maziko yakaanza kushuka bila sauti.

"Basi ilikuwa imekufa," alisema.

"Ilikufa, nyabo."

"Basi ni Mungu." Alipangusa uso kwa ncha ya kitenge. Akamfungua mtoto mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu mtoto yule azaliwe, akamnyooshea mumewe. "Shika mujukuu wako, Baba Rehemah. Mikono imenichoka."

Loo! Kama kuna mzigo uliowahi kumwelemea Buruhan, katika miaka yote ya magunia, ulikuwa ule wa kilo tatu. Mtoto alifumbua macho, akamtazama kwa uzito wa wazee. Alikuwa na paji la uso la mama yake. Na yeye Buruhan alikuwa ameitwa jina lake, na angeweza kulala na jina hilo usiku ule, na kesho, na mpaka kufa, na chakula kingeshuka. Ilibaki kunyamaza tu, na kunyamaza hakuhitaji kazi yoyote.

Naboth alimtikisia kichwa, kidogo sana: usithubutu.

"Jaliah," alisema Buruhan. "Ile chuma haiko ya gari yetu."

"Unasema nini?"

"Fundi amekuonea huruma. Hapana, ni mimi niliyeonewa huruma." Akamrudishia mtoto, taratibu, asimwangushe. Akatembea mpaka kwenye lori, akapanda, akawasha. Injini ikawaka mara moja. Akaiacha iungurume, akateremka, akaja kusimama mbele ya mkewe, mikono imening'inia. "Sikiliza mwenyewe. Hakuna kilichobadilishwa. Injini ni ile ile. Ilikuwa waya tu, Jaliah. Waya niliofunga kwa mkono wangu."

Jaliah alisikiliza. Hajui injini, lakini kwa miaka minane alikuwa amelisikia lori lile likija nyumbani kutoka mbali, na kwa mlio wake alijua wakati wa kuinjika maji. Mlio ulikuwa ule ule.

"Kama siku ile ungeondoa gari," alisema mwishowe, "tungefika?"

"Tungefika."

"Na akiwa hai?"

Buruhan akainamisha kichwa, na hilo likawa jibu.

Jaliah aliiweka ile beringi juu ya pipa, polepole, bila kuitupa. "Asante, fundi," alimwambia Naboth, aliyekuwa amegeukia ukuta. Akamfunga mtoto kifuani, akalizunguka lori mpaka nyuma, akaweka mguu kwenye tairi na kupanda bodini, pale pale ambapo mbao zilikuwa bado na doa.

*

Naboth alifunga waya mpya na hakupokea malipo. Njia nzima mshale ulisimama wima, mzuri, mwaminifu. Buruhan alitamani kuuvunja.

Walipopita Masha alianza kupunguza mwendo bila kukusudia. Mawe yake mawili yalikuwa bado pale ukingoni, yana alama ya matairi, na la tatu kando yake, alilokuwa amekalia. Akasimama. Hakuzima injini. Hakujua anataka nini. Kuteremka, kuomba radhi, kuanguka kifudifudi barabarani. Alikuwa na mengi ya kusema na hakuwa na mtu wa kumwambia ila yule aliyekaa nyuma yake, ng'ambo ya bati. Akashika usukani, akangoja. Alimsikia mtoto akilia, kisha akinyamazishwa.

Dakika zikapita. Ng'ombe wakavuka barabara, wote, na mchungaji wao, na vumbi lao likatua.

Kisha bodi ikagongwa. Pa. Ikawa kimya kwa muda mrefu kiasi kwamba alidhani ndiyo basi, ameambiwa asimame hapo, naye alikuwa tayari kusimama hapo maisha yake yote. Halafu kiganja kikagonga tena, bila nguvu: pa.

Mara mbili. Hakujua kama ulikuwa msamaha, au ni mama aliyechoka anayetaka kumfikisha mtoto kwenye maziwa yake. Safari hii Buruhan aliondoa gari.